Sauti ya Ruth Brown na makato yake: jibu kwa binti wa Chikongola

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni binti wa miaka 22, naishi Chikongola hapa Mtwara mjini. Naimba R&B na mashairi naandika mwenyewe. Kuna prodyuza ameniletea mkataba. Atanirekodia nyimbo sita na video mbili, atanipa laki tano mkononi, na baada ya hapo nyimbo zote na masta zake, yaani rekodi zenyewe, zinakuwa mali yake. Mama amekataa katakata. Anasema ulipozungumza na wazazi mwaka huu ulisimulia habari za Ruth Brown, mwimbaji wa Marekani aliyekuwa nyota kisha akaishia kufanya usafi kwenye nyumba za watu. Naomba unieleze maisha yake yalikwendaje hasa, alikosea wapi, na mimi nisaini au niache?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Mama yako amesema kweli, nilisimulia hivyo. Ila siku ile adhuhuri ilitukuta katikati ya habari, wazazi wakaondoka kwenda kuswali, na nusu ya pili sikupata nafasi ya kuisema. Hiyo nusu ya pili ndiyo inayokuhusu. Kwa kuwa najua una haraka, nitangulize jibu: mkataba huo usiusaini kama ulivyo, na kuimba usiache. Ruth Brown hakuanguka kwa sababu aliimba, wala hakuponzwa na starehe kama mama anavyohofia. Aliangushwa na hesabu ambazo hakuwahi kuonyeshwa.

Alizaliwa tarehe 12 Januari 1928 katika mji wa Portsmouth, jimbo la Virginia, akaitwa Ruth Alston Weston. Alikuwa kifungua mimba wa watoto saba. Mwaka huo huo wa 1928 Siti binti Saad alivuka bahari kutoka Unguja kwenda Bombay kurekodi santuri, na kila ninapofundisha nawaweka wanawake hawa wawili jirani, maana mmoja alikuwa anafungua mlango mwaka ambao mwingine anazaliwa. Portsmouth ni mji wa bandari. Baba yake alikuwa kuli, siku za kazi anapakia na kupakua meli, Jumapili anaongoza kwaya ya kanisa. Wewe uliyekulia mahali ambapo honi ya meli inasikika hadi sokoni unaweza kuiona nyumba hiyo bila mimi kuichora. Shule zikifungwa watoto walipelekwa shamba la wazee wao North Carolina kuchuma pamba. Aliyewahi kuokota korosho Tandahimba tangu alfajiri anaujua mgongo huo.

Baba hakutaka nyimbo za kidunia. Binti akawa anaimba kwa kujificha, kwenye kumbi za burudani za askari na vilabu vya usiku vilivyojaa mabaharia wakati wa vita. Mwaka 1945, akiwa na miaka 17, alitoroka nyumbani na mpiga tarumbeta aliyeitwa Jimmy Brown. Wakafunga ndoa. Baadaye akagundua bwana huyo alikuwa na mke tayari, kwa hiyo ndoa ile haikuwa ndoa. Lakini jina la Ruth Brown lilikuwa limeshaanza kufahamika kwa watu wa muziki, akabaki nalo hadi kaburini. Najua mama yako akisomewa hapa atasema, "Si unaona?" Namwelewa. Nami nina mabinti. Lakini namwomba asubiri, kwa sababu aliyemwokoa Ruth baada ya hapo naye alikuwa mwanamke aliyeishi kwa muziki.

Ilikuwa hivi. Ruth alichukuliwa na bendi kubwa ya Lucky Millinder, akakaa kama mwezi mmoja tu, wakafika Washington. Siku moja akawapelekea wapigaji wenzake vinywaji jukwaani. Kiongozi akamwambia alichukuliwa kuimba, si kuhudumia, akamfukuza hapo hapo. Hana nauli, hana ndugu. Ndipo akapelekwa kwa Blanche Calloway, dada wa mwimbaji maarufu Cab Calloway. Mama huyu katika miaka ya 1930 alikuwa ameongoza bendi yake mwenyewe ya wanaume tupu, jambo gumu sana enzi zile. Akampa kazi ya kuimba kwenye klabu ya Crystal Caverns ili apate nauli ya kurudi kwao. Walipomsikia, habari ya nauli ikaisha. Akabaki, na Blanche Calloway akawa meneja wake.

Pale klabuni alipita mtangazaji Willis Conover, ambaye baadaye alijulikana kwenye Sauti ya Amerika, akamsikia, akawapigia simu watu wa kampuni changa ya New York iitwayo Atlantic. Kampuni hiyo ilianzishwa mwaka 1947 na Ahmet Ertegun, mtoto wa balozi wa Uturuki, pamoja na Herb Abramson. Wakasafiri hadi Washington, wakamsikiliza, wakamtaka. Mwaka 1948 Ruth na Blanche wakaondoka kwa gari kwenda New York, ambako pia alikuwa apande jukwaa la ukumbi wa Apollo. Hawakufika. Walipata ajali karibu na mji wa Chester, Pennsylvania. Miguu ya Ruth ilivunjika vibaya, akalazwa miezi mingi, na maumivu ya miguu hiyo alikwenda nayo maisha yake yote.

Hapa soma taratibu. Mkataba wa Atlantic aliusaini kitandani hospitali, Januari 1949, siku alipotimiza miaka 21. Sisemi walimdhulumu pale. Walimsubiri mwimbaji aliyevunjika miguu, ambaye hawakuwa na hakika kama atasimama tena, na wafanyabiashara wengi wasingesubiri. Hilo nawapa haki yao. Ninachotaka ukione ni hali ya mtu aliyeshika kalamu. Mtu aliyelala, hana kipato, miguu imefungwa, anaogopa kwamba maisha ya muziki yameisha kabla hayajaanza, halafu anatokea mtu na karatasi na kalamu. Mtu huyo hataki kusoma kifungu cha tisa. Anataka kuambiwa kwamba bado anahitajika.

Sisi watu wa Kusini tuna jina la biashara inayofanyika katika hali hiyo. Kangomba, mlanguzi wa korosho, haji kwa mkulima mwezi wa kumi na moja, wakati mnada umechangamka na bei imetangazwa. Anakuja mikorosho ikiwa bado na maua, watoto wanadaiwa michango shuleni, debe la unga linaelekea chini. Anatoa kidogo leo, na msimu ukifika anabeba magunia. Serikali imekataza kangomba ya korosho miaka yote hii. Kangomba ya sauti hakuna anayeisimamisha barabarani. Prodyuza wako amekuja lini? Barua yako inasema umeacha kazi dukani mwezi uliopita na unadaiwa kodi ya chumba. Laki tano kwa mtu wa hali hiyo inaonekana kubwa kuliko ilivyo.

Turudi kwa Ruth. Mei 1949 aliingia studio akiwa anatembea kwa magongo, akarekodi "So Long", wimbo wa polepole, ukapendwa. Kwa moyo wake alitaka kubaki huko, kwenye nyimbo laini za mapenzi. Ertegun ndiye aliyemsukuma aimbe mambo ya kuchezeka. Mwaka 1950 akatoa "Teardrops from My Eyes", uliotungwa na Rudy Toombs, ukakaa namba moja kwenye chati ya R&B wiki 11. Mwaka 1952 ukaja "5-10-15 Hours", mtunzi ni huyo huyo. Mwaka 1953 ukaja "(Mama) He Treats Your Daughter Mean", binti anamlalamikia mama yake kuhusu bwana anayemtesa, wimbo uliovuka hadi kwa wasikilizaji weupe.

Kama mwalimu wa sauti, nakuomba utafute huo wa 1953 ukausikilize neno kwa neno. Mwishoni mwa baadhi ya maneno sauti yake inapasuka juu, kama mlio mdogo wa mtu aliyeshtuliwa, kisha inarudi chini mara moja. Walimu wa kwaya tungekikemea kile kitu. Yeye alikifanya alama yake. Halafu angalia anavyokaa na ngoma: hakimbilii biti, anaiacha imtangulie kidogo, ndipo anaidaka. Wewe kwenye ule wimbo ulionitumia unaimba mbele ya biti muda wote, kama mtu anayeogopa kuachwa na basi. Hilo tutalirekebisha, lakini si leo.

Usidhani R&B ya wakati ule ilikuwa kama hii unayoimba wewe. Jina lenyewe lilikuwa jipya. Gazeti la biashara ya muziki la Billboard lilikuwa likiuita muziki wote wa watu weusi kwa jina la "santuri za rangi", na Juni 1949 ndipo likaanza kutumia "rhythm and blues", wazo la mwandishi wake Jerry Wexler, ambaye baadaye aliingia Atlantic kama mshirika. Ilikuwa na saksafoni inayonguruma, piano, besi kubwa ya mbao na makofi. R&B laini ya kina Ben Pol na Jux ni mjukuu wake. Sauti ya mjukuu imelainika, lakini ukisikiliza vizuri unamwona bibi.

Kati ya 1949 na 1955 nyimbo za Ruth zilikaa kwenye chati jumla ya wiki 149, na tano kati yake zilifika namba moja. Mwimbaji Frankie Laine alimpa jina la "Miss Rhythm". Kampuni ya Atlantic, iliyoanza kama ofisi ndogo ya watu wawili watatu, ikapata fedha na heshima, hata watu wa muziki wakawa wanaiita nyumba iliyojengwa na Ruth. Baadaye nyumba hiyo hiyo ilitoa santuri za Ray Charles na Aretha Franklin.

Na fedha hizo zilipatikana kwa jasho gani? Kwa usiku mmoja mmoja barabarani, mji baada ya mji. Majimbo ya kusini mwa Marekani yalikuwa na sheria za ubaguzi. Kwenye kumbi nyingi kamba ilifungwa katikati, weusi huku, weupe kule, na mwanamke aliyekuwa anawachezesha wote wawili hakuruhusiwa kula kwenye hoteli za mji huo wala kulala humo. Alifanya hivyo miaka zaidi ya kumi, na miguu ile ile ya ajali.

Sasa tufike kwenye hesabu, maana ndiko lilikozikwa swali lako la "alikosea wapi".

Mkoani kwetu hata mtoto anajua stakabadhi ghalani inavyokwenda. Mkulima anapeleka korosho AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, zinapimwa, anapewa stakabadhi, mnada unafanyika, bei inatangazwa. Lakini bei ya mnadani siyo fedha inayoingia benki. Katikati kuna makato: ushuru, ghala, usafirishaji, chama. Tunayalalamikia makato hayo kila msimu, na tuna haki ya kulalamika. Lakini angalau bei imetajwa mbele ya watu, na mkulima anaweza kuuliza mstari kwa mstari, hiki cha nini, hiki cha nani.

Mwimbaji wa R&B wa miaka ya 1950 alikuwa na makato bila mnada. Kampuni ilimpa kiasi kidogo siku ya kurekodi, ikaahidi asilimia ndogo ya mauzo, yaani mrabaha. Kabla mrabaha haujamfikia, zilikatwa kwanza gharama: studio, wapiga vyombo, mpangaji wa muziki, na kila fedha aliyowahi kutangulizwa. Na zilikatwa kwenye fungu lake dogo, si kwenye fungu kubwa la kampuni. Ngoja nikupe mfano wa kubuni ili uone ubaya wake. Tuseme wimbo umeingiza milioni kumi. Asilimia yako ni tano, kwa hiyo haki yako ni laki tano. Kurekodi kuligharimu laki nane. Kampuni imeshika milioni tisa na nusu, laki nane zake zimesharudi mara kumi na moja, lakini kwenye daftari lenye jina lako imeandikwa unadaiwa laki tatu. Wimbo wa pili unaanza ukiwa na deni la wimbo wa kwanza. Ukiimba zaidi, unarekodi zaidi. Ukirekodi zaidi, deni linanenepa. Unaweza kuwa namba moja nchini na bado kwenye daftari ukawa mdaiwa.

Hayo ndiyo yaliyompata. Ongeza na haya mawili. La kwanza, nyimbo zake kubwa hakuzitunga yeye. Redio za Marekani kisheria zinamlipa mtunzi wa wimbo. Mwimbaji hazimlipi kitu wimbo wake unapopigwa hewani, na hali hiyo ipo hadi leo kwa redio za kawaida. Kwa hiyo wimbo ungeweza kupigwa mchana na usiku, bila senti kumfikia mwenye sauti. La pili, waimbaji weupe walikuwa wakichukua nyimbo za weusi na kuzirekodi upya, mara nyingine hadi mpangilio wa vyombo, na wao ndio waliopigwa kwenye redio kubwa. Mwenzake wa Atlantic, LaVern Baker, mwaka 1955 alimpelekea malalamiko mbunge wake kwa sababu Georgia Gibbs alirekodi wimbo wake "Tweedle Dee" karibu kila pumzi ilivyo. Hakusaidiwa.

Mwaka 1961 Ruth aliondoka Atlantic. Ladha ya muziki ilikuwa imebadilika, vijana walikuwa na nyota wengine, na yeye alikuwa na wana wawili wa kulea. Akahamia Long Island, nje kidogo ya New York. Huko ndiko alikofanya usafi kwenye nyumba za watu, akaendesha basi la shule, akafanya kazi na watoto wadogo kwenye shule za awali za mpango uitwao Head Start. Hapa ndipo mama yako alipoondoka siku ile, na ndipo nilipojilaumu, maana nimewaachia wazazi picha ya mwanamke aliyeaibika. Hakuaibika. Alisomesha watoto kwa mikono yake, na Jumapili aliimba kanisani. Aibu ilikuwa ya daftari lile, na daftari lilikuwa New York likiendelea kuuza santuri zake.

Nina sababu ya kuliongea hili kwa uchungu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nilikuwa napiga gitaa la besi katika bendi ya dansi. Tulirekodi nyimbo nane kwa siku mbili. Tukalipwa posho, tukala pilau, tukapandishwa lori kurudi kambini. Baadaye nikaanza kuziona kaseti zetu zikiuzwa stendi ya Lindi, stendi ya Masasi, kila mahali. Nilikwenda kuuliza. Mtu aliyezisambaza aliniuliza karatasi yangu iko wapi, na kwa kweli sikuwa na karatasi yoyote. Mwimbaji wetu mkuu alifariki akiwa anadaiwa dawa. Ndiyo maana sikuzote nasoma mikataba ya vijana bila kuwatoza.

Sasa ile nusu ya pili. Katikati ya miaka ya 1970 mchekeshaji Redd Foxx, rafiki yake wa zamani, alimhimiza arudi jukwaani. Akarudi pole pole, maigizo, televisheni, klabu. Kisha katika miaka ya 1980 akakutana na wakili wa Washington, Howell Begle, ambaye tangu utoto alikuwa mpenzi wa nyimbo zake. Begle alimletea santuri zake azitie saini, santuri alizozinunua kwa bei kubwa. Wakazungumza, na wakili akashangaa kusikia kwamba mama huyu hapati mrabaha wowote wa zile santuri. Yeye alidhani kwa umri ule na jina lile anakula matunda.

Begle akaichukua kesi ile bila malipo. Ikachukua miaka. Kampuni ilipotoa hesabu, zilionyesha kwamba Ruth ndiye anayedaiwa, mwanamke aliyeisimamisha nyumba yao! Yeye hakunyamaza. Alizungumza kwenye magazeti, akazungumza mbele ya wabunge, na wakili akafukua mikataba ya wenzake wengine wa rika lake, wengi wao wazee na wagonjwa, akakuta hali ni ile ile. Mwaka 1988, Atlantic ikisherehekea miaka 40, ikakubali: ilifuta madeni ya Ruth na wanamuziki wengine 35 wa enzi zake, ikawalipa mirabaha ya miaka 20 iliyopita, na ikatoa karibu dola milioni mbili kuanzisha Rhythm and Blues Foundation, mfuko wa kuwatunza waimbaji wakongwe wa muziki huo. Kampuni nyingine nazo zikalazimika kutazama madaftari yao.

Angalia alivyomaliza. Mwaka 1988 alionekana katika filamu ya "Hairspray". Mwaka 1989 alipata tuzo ya Tony, ambayo ni heshima kubwa kabisa ya michezo ya jukwaani huko, kwa onyesho la "Black and Blue", na mwaka 1990 akapata na Grammy kwa albamu yake "Blues on Broadway". Mwaka 1993 aliingizwa kwenye Jumba la Heshima la Rock and Roll. Alifariki tarehe 17 Novemba 2006 huko Henderson, Nevada, akiwa na miaka 78. Tuzo zile alizipata akiwa na miaka sitini na zaidi, kwa sauti iliyoshuka chini na kuwa nzito kama sukari guru, na mimi binafsi naipenda kuliko ile ya ujana.

Basi tuuone mkataba wako. Wewe una kitu kimoja ambacho Ruth hakuwa nacho: unatunga mwenyewe. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inatenganisha mambo mawili. Hakimiliki ni ya mtunzi, yaani wewe kwa mashairi na melodi. Hakishiriki ni ya aliyeimba, na pia ya aliyegharamia kurekodi ile sauti. Hakimiliki ya mtunzi inadumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Kwa hiyo prodyuza anaposema "nyimbo zote na masta", amekusanya vitu viwili kwenye neno moja. Masta ni ile sauti iliyorekodiwa kwa fedha yake, na ana haki ya kudai sehemu hapo, tena kubwa, kwa sababu umeme, vyombo na usingizi wake vimo mle. Wimbo wenyewe ni wako, hajautunga yeye, na laki tano haiwezi kununua kitu ambacho wajukuu zako wangekirithi. Kifungu hicho kitoke. Hapo usikubali hata akitabasamu vipi.

Kuhusu masta, mweleze unampa ruhusa ya kuzitumia kwa miaka fulani, mitano inatosha kabisa kwa nyimbo sita, baada ya hapo zinarudi kwako au mnakaa upya. Mkataba useme asilimia ngapi ni yako. Asilimia hiyo ihesabiwe kwenye fedha ipi? Hapa ndipo wengi wanapoumia, kwa hiyo uliza hadi uelewe: kabla ya makato au baada ya makato? Makato yatajwe kwa majina na kwa kiwango, studio shilingi kadhaa, video shilingi kadhaa, basi, pasiwe na neno kama "na gharama nyinginezo". Tena yakatwe kwenye mapato yote kabla ya kugawana, ili wote wawili muyabebe, si wewe peke yako kama Ruth. Na kila miezi sita akupe hesabu kwa maandishi. Mtu mwaminifu hatakasirika kuombwa hesabu.

Akaunti ya YouTube na za mitandao ya kusikilizia muziki zifunguliwe kwa jina lako, au mkataba utaje nani anashika nywila na fedha zinaingia namba gani. Siku hizi huko ndiko mnada ulipo. Miito ya simu nayo itajwe. Shoo je? Msimu wa korosho wasanii wanakuja hapa kutoka Dar es Salaam na kujaza uwanja, na wenyeji wanaitwa kutangulia jukwaani. Malipo ya shoo ni yako, labda kama yeye ndiye aliyekutafutia, hapo apate kitu.

Kabla hujaingia studio, andika mashairi yote sita, yaimbe hata kwenye simu, kisha uyasajili COSOTA, Ofisi ya Hakimiliki Tanzania. Ukajisajili na BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, pia kama msanii, kwa sababu bila hivyo kazi zako zitakwama. Nendeni pamoja na mama. Ninasema hivyo kwa dhati, wala si kwa kumbembeleza. Blanche Calloway alikuwa mtu mzima anayeijua dunia, amekaa kando ya binti mwenye kipaji, na mama yako, anayeuza pweza na kukopesha na kudai tangu ujana wake, anajua hesabu za watu kuliko wewe na mimi. Msomee mkataba kwa sauti. Akiuliza swali ambalo huna jibu lake, liandike, umpelekee prodyuza.

Prodyuza naye usimchukie. Nimesikia kazi zake mbili, ana sikio zuri, na inawezekana mkataba huo ameunakili mahali bila kuuelewa. Wengi wako hivyo. Mwambie unataka kufanya kazi naye na unataka vifungu hivyo vibadilike. Akikubali vingi, na cha umiliki wa nyimbo kikiwemo, tukae tuzungumze. Akisema ama hivi ama hapana, mwachie laki tano zake.

Picha za mkataba ulizonitumia nimezisoma. Ukurasa wa tatu umekatika pembeni, na ndio ukurasa unaoanza na neno "gharama". Upige upya mchana, kwenye mwanga, unitumie kabla hujarudi kwake Jumatatu.